Kutafuta mkahawa wa kufanyia kazi mjini Unguja, kutoka Shangani hadi Michenzani

Watu wa kazi za mtandaoni wamekuwa wengi mjini: watafsiri, wachora nembo na matangazo, waandika programu, wanaojibu barua za wateja wa kampuni zisizo na hata dawati moja Unguja. Laptopu wanazo na bando wananunua. Kinachowapa tabu ni pahala pa kukaa. Nyumbani watoto wamerudi skuli, jirani anachomelea geti, feni inazungusha joto lile lile. Mkahawa unaonekana kuwa jawabu, na mara nyingi ndiyo jawabu, ila kuna jambo ambalo picha za mtandaoni hazilisemi. Mjini kwetu mkahawa hauwi mzuri moja kwa moja. Huwa mzuri saa fulani, chumba fulani, meza fulani. Huo huo uliokufaa saa 3 asubuhi unaweza kukutia aibu mbele ya mteja saa 7 na nusu mchana.

Eneo ninalolizungumzia ni lile unaloweza kulimaliza kwa miguu: Mji Mkongwe wenyewe, kisha kuvuka Darajani kwenda Mlandege na Michenzani, upande tunaouita ng'ambo, na kuzunguka kwa upande wa Kikwajuni, Maisara na Vuga.

Hatua ya kwanza: anza na saa za mteja wako

Kabla hujatoka nyumbani, jua kazi yako inataka nini. Kuandika na kutafsiri kunataka kimya na soketi. Mtandao ukipotea nusu saa hupati hasara kubwa. Mikutano ya video inataka mtandao usioyumba na ukuta nyuma ya mgongo wako. Kutuma video au picha nzito kunataka kasi ya kupakia, ambayo aghalabu huwa chini sana ya ile kasi ya kupakua wanayojisifia watu.

Halafu piga hesabu ya saa. Sisi hatubadilishi saa mwaka mzima, Ulaya na Marekani hubadilisha. Ofisi ya London inayofunguliwa saa 3 asubuhi kwao, kwetu ni saa 6 mchana wakati wao wa baridi na saa 5 wakati wao wa joto. Ya Berlin ni saa 5 au saa 4. Ya New York ni saa 11 jioni au saa 10. Muscat na Dubai wametutangulia kwa saa moja, na Riyadh saa zao ni zetu.

Hesabu hii ndiyo inayokata shauri. Mwenye wateja wa Ghuba anaweza kufanya kazi yake yote mkahawani, kwa sababu siku yake na siku ya mkahawa zinakwenda pamoja. Mwenye wateja wa London yuko pabaya zaidi: mkutano wake wa kwanza unaangukia adhuhuri, wakati meza zimejaa walaji na adhana inatoka misikiti mitatu minne kwa pamoja. Huyo namshauri atumie mkahawa asubuhi kwa kazi za kimya, na ikifika saa 5 na nusu ahamie pahala pengine kwa ajili ya kuzungumza. Wa New York asijisumbue. Anapoanza kazi, mikahawa mingi ya kawaida inapandisha viti juu ya meza. Kuna mwezi mmoja tu unaomfaa, nao nitaufikia.

Hatua ya pili: ujue mji kwa vipande vyake

Shangani na Forodhani ndiko kwenye mikahawa mingi ya kahawa ya mashine, viyoyozi na menyu za Kiingereza. Kuna baridi, kuna mandhari ya bahari, na kuna bei za wageni. Kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa pale kinaweza kukugharimu sawa na chakula kamili ng'ambo ya pili. Julai na Agosti, na tena Disemba hadi Februari, viti ni vya watalii, na mwenye mkahawa hana sababu ya kumpenda mtu anayekaa saa nne na kikombe kimoja. Februari pia kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na spika zikianza kujaribiwa karibu nawe, mkutano wako umekwisha. Lakini nenda Aprili na Mei wageni wakiwa wameondoka: mikahawa isiyofunga kwa msimu huwa mitupu, na mhudumu anafurahi kuona mtu.

Ukiingia ndani zaidi, Mkunazini, Hurumzi, Kiponda, mambo yanabadilika kwa sababu ya kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa nusu mita si jambo la ajabu. Ndiyo maana ndani mna ubaridi hata mwezi wa Januari bila kiyoyozi. Ndiyo maana pia waifai inakufa ukihama chumba kimoja tu. Ruta iko chumba cha mbele, wewe umekaa ua wa nyuma penye kivuli na mti, alama kwenye simu inaonesha vijiti vitatu, na ukurasa haufunguki. Na usidhani mtandao wa simu utakuokoa, kwa sababu ukuta huo huo unauzuia nao, hasa chumba cha chini katikati ya vichochoro. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na jengo la hifadhi halitobolewi ovyo kupitisha waya. Katika nyumba hizi kuna kanuni moja: kaa chumba kimoja na ruta, au panda juu ya paa. Paa zina upepo na mnara wa simu unauona, ingawa baada ya saa 4 asubuhi jua linafuta kila kitu kwenye kioo cha laptopu.

Zanzibar Coffee House ya Mkunazini ni mfano wa nyumba za aina hii, na kahawa wanaikaanga wenyewe. Lukmaan nayo iko Mkunazini, lakini pale ni pa kula. Ukifungua laptopu saa 7 mchana utaonekana huna adabu, na watakuwa na haki. Jaws Corner ni baraza: kahawa chungu, bao, siasa, mpira. Nenda ukishamaliza kazi.

Vuga, Kikwajuni na Maisara ndiko ninakokupenda mimi, na sijui kwa nini watu hawakutaji. Kuna maofisi, kuna mahakama, kuna kampasi ya chuo kikuu cha SUZA pale Vuga, kwa hiyo kuna vijikahawa vinavyoishi kwa wafanyakazi na wanafunzi, si kwa watalii. Bei ni za watu wa mji. Chai inatoka haraka, na kati ya saa 4 na saa 6, wafanyakazi wakiwa wamesharudi maofisini baada ya kifungua kinywa, panakuwa kimya kabisa. Waifai huwa hakuna, au ipo kwa jina tu, kwa hiyo njoo na bando lako. Lakini majengo mengi huku ni mapya zaidi, kuta ni za matofali, na simu inashika vizuri. Tena Maktaba Kuu iko hapo Maisara. Siku unayotaka kimya cha kweli bila kununua kitu, ndiyo pahala pake.

Michenzani na Mlandege ni kwa mtu asiyeogopa kelele. Yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yamezungukwa na maduka, wauza simu, mafundi na mikahawa midogo, na Michenzani Mall ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imeongeza viti vyenye kiyoyozi. Faida kubwa ya huku ni kwamba kila kitu kiko karibu: chaja ikiungua, hatua mia mbili umepata nyingine. Kasoro ni muziki. Mikahawa mingi ya Mlandege inaamini kwamba mteja haji bila taarabu au mpira kwenye televisheni, na ukiomba wapunguze watapunguza kwa dakika tano.

Mbweni, Mazizini na Kiembesamaki kuna sehemu nzuri na zenye nafasi ya kuegesha, lakini kwa asiye na chombo nauli ya kwenda na kurudi kila siku inakula faida. Fumba ni mbali zaidi. Inamfaa anayeishi huko.

Hatua ya tatu: tengeneza orodha fupi

Fungua ramani ya Google, lakini usisome nyota. Nyota zinahusu pweza na machweo. Tafuta ndani ya maoni maneno “wifi”, “laptop” na “power”, na usome ya miezi ya karibuni tu, kwa sababu mkahawa unaweza kubadilisha kampuni ya intaneti, au mwenyewe, bila picha zake kubadilika. Kisha tazama picha zilizopigwa na wateja, si za mkahawa. Usitazame chakula, tazama ukutani: soketi ziko wapi? Meza ni za urefu wa kulia chakula, au ni zile fupi za kwenye makochi zitakazokuvunja shingo?

Baada ya hapo uliza watu. Wanafunzi wa Vuga wanajua pahala penye soketi kuliko ramani yoyote. Wauza laini za simu wa Darajani watakwambia mtaa gani laini gani inashika, na watakwambia kweli ukiwauliza kuhusu kampuni wasiyoiuzia.

Ukiwa na majina manne au matano, inatosha.

Hatua ya nne: jaribio la robo saa

Hapa ndipo penye kazi. Nenda saa ile ile utakayokuwa unafanya kazi, si Jumapili jioni. Agiza kwanza, kisha pima. Mazungumzo yenyewe yanakwenda hivi:

“Assalaam alaykum. Habari za kazi, bwana?”

“Wa alaykumu salaam. Njema, karibu.”

“Nipatie chai ya maziwa na sambusa mbili. Na samahani, ruta yenu iko wapi?”

Kijana anacheka kidogo, si swali la kila siku. “Ruta? Iko pale kwa keshia, juu ya friji.”

“Basi nitakaa hapa karibu na keshia. Umeme ukikatika inakuwaje?”

“Jenereta ipo.”

“Na jenereta ikiwashwa, ruta nayo inawaka?”

Anamgeukia mwenzake. Wanajadiliana. “Aa, ile soketi haiko upande wa jenereta.”

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mikahawa, na aghalabu hata mhudumu hajawahi kujiuliza. Jenereta nyingi zimefungwa kwa ajili ya friji, taa na pengine mashine ya kahawa. Ruta, na kile kisanduku cha faiba kinachokaa pembeni yake, vimechomekwa soketi ya kawaida. Taa zinarudi, kila mtu anashangilia, na wewe huna mtandao. Mkahawa wenye betri ndogo au inveta kwa ajili ya ruta peke yake ni bora kwako kuliko wenye jenereta kubwa nje.

Sasa pima kasi. Tumia tovuti yoyote ya kupimia, lakini tazama namba tatu, si moja. Ya kwanza ni kupakua. Ya pili ni kupakia. Ya tatu ni ule muda wa kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde. Ukizidi 150 hivi utaanza kuingiliana maneno na mwenzako. Kwa mazungumzo ya watu wawili kwa Zoom yenye picha safi unahitaji kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 1.2 kwenda na Mbps 1.2 kurudi. Sauti tupu haifiki hata Mbps 0.1. Kwa hiyo mkahawa hauhitaji kuwa na kasi ya ajabu. Mbps 5 zisizoyumba zinakutosha kuliko 40 zinazopotea kila baada ya dakika mbili. Ndiyo maana kipimo kimoja hakisemi kitu. Pima ulipoingia, pima tena watu wakishajaa, na kama unaweza, mpigie rafiki kwa video dakika kumi ukiwa hapo hapo. Yeye ndiye atakayekwambia kama sauti inakatika au kama blenda ya juisi inasikika kuliko wewe.

Unapongojea chai, tazama na haya:

Soketi yenyewe: chomeka chaja uone kama inashika au inaning'inia. Soketi zetu ni zile za pini tatu bapa, na ukiwa umenunua laptopu yenye plagi ya Ulaya au Marekani utahitaji kibadilishio. Usitegemee mkahawa kuwa nacho.

Upepo: kaa chini ya feni lakini si mbele ya mlango wa jikoni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, meza isiyo na upepo itakushinda kufika saa 5.

Jua: ulipokaa patakuwa na kivuli baada ya saa mbili? Angalia dirisha linaelekea wapi.

Choo: kipo, kisafi, na laptopu utamwachia nani ukienda? Keshia akikubali kukutazamia mkoba, umepata mkahawa.

Kwa akina dada kuna la kuongeza. Baadhi ya mikahawa ya ng'ambo, bila ya kuandikwa popote, ni baraza la wanaume, hasa saa za mpira. Hakuna atakayekufukuza, lakini utatazamwa na kazi haitakwenda. Ukiona familia, au wanawake wawili watatu wamekaa peke yao bila haraka, hapo pana amani. Ghorofa ya juu mara nyingi ni tulivu kuliko barazani.

Hatua ya tano: usimwamini mtu kwa umeme wala mtandao

Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Aliyekuwepo mjini mwaka 2008 anakumbuka kukaa karibu mwezi mzima gizani, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia mfuko wa MCC, ulikamilika mwaka 2013, na mambo yakawa afadhali sana. Lakini umeme bado unakatika kwa dakika au kwa saa, na ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo. Ukiona taa zinapepesa, chomoa chaja. Acha laptopu ifanye kazi kwa betri mpaka patulie. Na kuna kukatika kwa aina nyingine ambako ZECO, shirika la umeme, haihusiki: tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, imekwisha. Mhudumu anamtafuta mwenye mkahawa, mwenye mkahawa yuko shamba, na umeme unanunuliwa kwa simu nusu saa baadaye. Mkahawa ambao tukuza inawaishia mara kwa mara uufute kwenye orodha hata kama chai yao ni nzuri.

Kwa hiyo mkobani kuwe na laini mbili za kampuni mbili tofauti. Laini mbili za kampuni moja ni laini moja. Weka bando kwenye zote, hata dogo, kwa sababu saa moja ya mkutano wa video inakula karibu GB 1, na hutaki kuanza kununua bando mteja akiwa anakungoja. Jaribu hotispoti ya simu kabla ya siku ya kuihitaji. Chukua pawa benki yenye uwezo wa kuchaji laptopu, si ya simu tu, na ekstensheni fupi yenye matundu matatu. Hii ya mwisho itakupatia marafiki, kwa sababu mezani kuna soketi moja na mko watatu. Hedifoni zenye kipaza sauti karibu na mdomo, kwa ajili ya blenda.

Waifai ya mkahawa ni ya kila mtu, na nywila yake imebandikwa ukutani, kwa hiyo kazi za benki na nyaraka za wateja fanya kwa bando lako. Kama mwajiri wako wa nje anakulazimisha kutumia VPN (programu ya kupitisha mtandao kwa njia ya siri), kumbuka kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaoitumia kwa kazi zao kutoa taarifa kwake. Zungumzeni hilo mapema na mwajiri, kabla hujaisakinisha.

Hatua ya sita: kukaa bila kuchukiwa

Nunua kitu kila baada ya saa mbili hivi. Si sheria, ni utu, na ukipiga hesabu ya kodi, umeme na maji ya mwenye mkahawa utaona hata hivyo anakupa kwa hasara. Huku Vuga na Michenzani chai, maji na maandazi havitakufilisi. Shangani fanya hesabu kabla ya kukaa: kama matumizi ya siku yanapita theluthi ya unachoingiza asubuhi ile, hamia upande wa pili wa mji.

Saa za chakula, kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 8 na nusu, ama agiza chakula ama simama. Usikalie meza ya watu wanne na laptopu yako moja wakati familia imesimama mlangoni. Mwenye mkahawa wa Kizanzibari hatakwambia uondoke; atakuja kufuta meza mara tatu. Ukifutiwa meza mara ya pili, umeshaambiwa.

Mazungumzo ya simu toka nje, barazani au uani. Mikutano ya video ya dakika kumi inavumilika. Ya saa nzima si ya mkahawani, labda uwe na chumba cha juu peke yako. Chakula cha nje usiingie nacho, hata urojo, na hasa urojo.

Ukishapachagua, mfuate mwenye mkahawa, si mhudumu, wakati hana wateja. Mwamkie, mwambie unafanya kazi gani, utakuja siku gani na saa ngapi. Wazee wengi wakisikia “kazi ya mtandaoni” hufikiri unacheza kamari, kwa hiyo mwoneshe. Halafu mpe pendekezo: utalipa kwa wiki, chai mbili na chakula kimoja kila siku, yeye akuwekee ile meza ya pembeni hadi saa 6. Wapo watakaokubali, na ukishakuwa mtu wa nyumbani utaambiwa mambo usiyoyauliza: kesho fundi anakuja, leo mtandao mbaya tangu alfajiri, usije Jumamosi kuna harusi ghorofani.

Hatua ya saba: kalenda

Ijumaa ina siku yake. Kuanzia saa 6 mchana mikahawa mingi inafunga kwa sala na haifungui mpaka saa 8, na baadhi haifungui tena. Panga kazi zako nzito asubuhi, au fanya Ijumaa iwe siku ya nyumbani.

Siku nyingine adhana ya adhuhuri inaanguka saa 6 na robo hadi saa 6 na nusu hivi, kwa kutegemea mwezi. Ukiwa kwenye mkutano, zima kipaza sauti na uwaambie mapema. Hakuna mteja aliyekasirika kwa kuambiwa “dakika tatu”.

Ramadhani inageuza kila kitu. Mchana mikahawa ya watu wa mji imefungwa, na ile ya watalii inayobaki wazi huweka mapazia. Kula na kunywa hadharani haifai, na polisi wamewahi kukamata watu kwa hilo, kwa hiyo hata kama wewe si Muislamu usitoe chupa ya maji barazani. Maktaba na nyumbani ndiyo makao yako ya mchana. Lakini usiku, baada ya futari na tarawehe, mji unaamka: Darajani kumejaa, mikahawa iko wazi hadi usiku mkubwa, na watu wanakaa kwa utulivu wasiokuwa nao miezi mingine. Kwa yule wetu mwenye wateja wa New York, huu ndio mwezi wake. Anakula futari, anatembea taratibu, na kuanzia saa 3 usiku ana meza, ana chai ya tangawizi, na Marekani wako kazini.

Masika, Machi hadi Mei, mvua ikinyesha juu ya bati hakuna hedifoni itakayokusaidia. Tafuta mkahawa wenye ghorofa juu yake. Na vichochoro vya Mji Mkongwe vikijaa maji, laptopu iwe ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mkoba.

Hatua ya nane: weka daftari

Kwa kila mkahawa andika mistari michache na tarehe. Wangu mmoja unasomeka hivi: “Kikwajuni, ghorofa ya kwanza. Soketi 2, ya kushoto inaning'inia. Waifai hakuna, laini ya pili inashika vizuri dirishani. Kimya saa 4 hadi 6. Jenereta hakuna. Chai nzuri, chapati baridi. Ijumaa wanafunga saa 5 na nusu.” Hayo ndiyo unayotaka kuyajua, na hayapo kwenye ramani. Weka mikahawa miwili ya kudumu, mmoja Mji Mkongwe na mmoja ng'ambo, na wa tatu wa akiba, kwa sababu umeme ukikatika upande mmoja si lazima uwe umekatika na upande wa pili. Kutoka Mkunazini hadi Michenzani ni mwendo mfupi wa miguu. Unaweza kuhama na ukawahi mkutano.

Kwa anayevuka kwenda Pemba: njia ni hii hii, ila orodha ni fupi zaidi. Chake Chake kuna migahawa ya chakula, si ya kukaa, na sebule ya nyumba ya wageni mara nyingi ndiyo ofisi bora. Umeme wao unatoka Tanga kwa waya wa baharini tangu 2010, kwa hiyo Unguja ikiwa gizani wao wanaweza kuwa na taa, na kinyume chake. Chukua bando la kutosha kabla ya kupanda boti.